Milimita Moja kwa Siku

Dumu la kioo lilivunjika ghalani, Telavi,
Oktoba, divai ikiwa bado inachemka,
na kigae kikamchana Tsiuri kati ya kiwiko na kiganja.
Daktari wa zahanati alishona nyuzi tisa,
safi kama pindo la gauni.
"Itapona," alisema. Ngozi ikapona.

Mke wangu ni mwokaji.
Tanuri letu limechimbwa kama kisima,
naye huinama humo hadi kiunoni, miguu ikiacha sakafu,
abandike mkate kwenye ukuta wa moto.
Desemba nilisikia harufu kabla yeye hajasikia kitu:
ncha ya kidole cha shahada inaungua,
naye anaendelea kunilalamikia bei ya unga.

Tbilisi, ghorofa ya tatu. Mtaalamu Badri,
mikono baridi, huomba radhi kabla ya kila sindano.
Alipiga umeme mdogo juu ya kovu, chini ya kovu,
akatazama kioo.
Pale ambapo mstari ungepanda kilima, ulilala tu
kama uzi ulioanguka mezani.
Akachoma msuli ulio chini ya gumba,
na kipaza sauti kikanyesha mvua juu ya bati.
"Msuli unaongea peke yake," alisema.
"Neva imekatika. Mngekuja mapema."
Nilitaka kumchukia.
Nikamwuliza choo kiko wapi.

Walimpasua kwa saa tano na nusu.
Ncha mbili zilikuwa zimeachana sentimita nne,
ya juu imefanya fundo kama kitunguu kichanga.
Wakachukua neva kwenye shavu la mguu wake,
wakaziba pengo chini ya darubini
kwa uzi ambao hata pumzi ingeupeperusha.
Sasa ubavu wa unyayo wa kushoto una ganzi.
"Mguu umeukopesha mkono," Tsiuri alisema,
"na mdaiwa huyu hana haraka."

Milimita moja kwa siku, walituambia, ikienda vizuri.
Upana wa ncha ya kalamu yangu.
Kila Jumapili nilimgongagonga kwa kidole
kutoka kwenye kovu kushuka.
Hapa? Hapana.
Hapa? Hapana.
Hapa? Hapo! Kama siafu!
Nikaweka nukta ya wino, nikapima kwa rula,
nikaandika nyuma ya daftari la madeni ya unga,
maana nukta hufutika akioga.

Mei, wiki tatu, nukta haikusogea.
Hatukulizungumzia.
Dada yangu Lamara alioka mikate iliyopinda,
wateja wakanunua, wakanyamaza.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wamesema wahenga.
Hawakusema vitano hufanya nini
visipofahamiana.

Kisha bakuli la maharagwe: ndani yake nimezika
ufunguo, jozi, kifungo cha koti langu.
Afumbe macho, atafute, ataje.
Kifungo alikiita kitunguu saumu.
Alipofumbua macho alilirusha bakuli ukutani,
na mimi nikaokota maharagwe hadi usiku wa manane.
Moja nililikuta ndani ya buti mwezi uliofuata.
Nililirudisha kwenye bakuli bila kumwambia.

Novemba. Theluji ya kwanza imeshika vilele.
Amefumba macho, nimeshika pamba.
Nagusa ncha ya kidole cha shahada.
"Cha kati," anasema.
Nagusa cha kati.
"Gumba."
Nampigia Badri simu, nusu nikicheka, nusu sijui nini.
Anasema barua zimeanza kufika,
ila zinaingia nyumba za jirani;
ubongo utajifunza anwani, si zote, si leo.

Kifungo cha blauzi bado namfungia mimi.
Ameketi karibu na tanuri, kiganja juu ya goti,
macho hajafumbua bado.
"Gusa tena," anasema.
"Usiniambie ni kipi."