Sufuria kwenye Shimo la Saba

Miezi minne nimeandika barua:
kwa mwenye bucha, kwa wakili wa Barabara ya Bandarini,
kwa kiwanda cha kukausha samaki, kwa daktari wa meno
aliyewahi kuning'oa jino zima akaliacha bovu.
Kila shimo lipate mdhamini, niliwaambia,
kibao kimoja, jina moja, pauni mia na hamsini.
Mashimo ni tisa tu. Kaskazini hii ya Uskoti
ardhi imebanwa kati ya mwamba na maji,
na kondoo wa Tulloch huingilia la tatu
pasipo kulipa kiingilio.

Gofu siijui, nasema wazi.
Kwangu ni mtu kukipiga kitu, kukifuata,
kisha kukipiga tena kwa kosa la kuonekana.
Lakini Dougal alizikata nyasi hizi miaka thelathini na mmoja,
na figo zake zilipomgomea
tulifunga safari ya mjini Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
maili tisini na mbili kwenda, tisini na mbili kurudi,
ili mashine imfulie damu kwa saa nne.
Hakufia mashineni. Alifia njiani, darajani Dunbrae,
waipa zikiendelea kufuta mvua
kana kwamba bado kuna aendaye mahali.

Basi nataka mashine moja. Hapa.
Hospitali yetu ndogo ina chumba kitupu chenye dirisha.
Nimekipima kwa hatua.

Siku yenyewe, timu kumi na saba zimelipa,
na saa mbili asubuhi ukungu ukapanda kutoka baharini
bila mwaliko, ukaketi.
Ilipotea bendera. Kisha kibao cha wakili. Kisha viatu vyangu.
Nahodha wa klabu, Bwana Farquhar, akanijia na uso wa msiba:
"Tuahirishe, Ishbel."
Nilikuwa na skonzi mia na arobaini mezani.
Skonzi haziahirishwi.

Ni Effie, binti wa jikoni, miaka kumi na mitano,
aliyechukua sufuria na mwiko
akatokomea ndani ya weupe. Tukasubiri.
Kisha, kutoka mbali: ko, ko, ko.
"La saba ndilo hili!" akapaza sauti.
"Pauni mbili kila pigo! Na msinipige mimi!"

Niliona wanaume wazima, mmoja meneja wa benki,
wakifumba macho yasiyo na kazi
na kutega sikio kama walinzi wa usiku.
Wakapiga. Mpira ukaondoka, ukamezwa.
Kimya.
Halafu ngwee! kwenye sufuria yenyewe,
na kelele iliyotoka humo ukunguni
ungedhani kuna vita vimeshinda.
Mchungaji alipiga mara kumi na tisa. Alilipa thelathini na nane
na kuomba radhi kwa maneno mawili ambayo siyaandiki.
Wanasema kutoa ni moyo. Sikatai.
Ila siku ile niliuona ubishi ukitoa zaidi.

Jioni nikahesabu, kopo la biskuti mapajani:
elfu kumi na moja, mia mbili na sita,
na kifungo cha koti.
Mashine ni elfu kumi na nane.
Nilirudia hesabu mara tatu. Kifungo hakikugeuka.

Kesho yake jua likawaka, kama mgeni
anayefika vyombo vimekwishaoshwa.
Mimi na Effie tukaokota mipira vichakani, sitini na mitatu.
Tutawauzia wenyewe tena, pauni moja moja.
Kila mahali nyasi zimechimbuliwa,
mizizi juu, kijani chini.
Dougal angetukana mpaka adhuhuri.
Nikapiga magoti, nikarudisha kipande mahali pake,
nikainuka, nikakikanyaga kwa kisigino
kama alivyokuwa akifanya: mara mbili, si tatu.
Kisha kingine.

Barua zinaanza Jumatatu.