Mguu Upi

Jumapili, Ibra, ghorofa ya chini.
Kiyoyozi kinakohoa. Nafungua faili la kumi na nne.
Dokta Kuriakose kaandika kwa haraka zake:
vena zimevimba, kidonda kifundoni,
kimerudi mara ya tatu.
Basi. Mguu upi, hakusema.

Kompyuta haijui kukisia.
Herufi I, themanini na tatu, nukta, sifuri:
ikakubali,
kisha ikafungua dirisha jingine, ikauliza:
Wa kulia? Wa kushoto?
Ngozi tu, au kimefika kwenye mafuta? Kwenye msuli?

Nami najua.
Asubuhi nilimpita ukumbini, Bi Shinuna binti Khalfan,
kandambili ya kushoto kaichana ubavuni
ili bandeji ipite,
ugoko umeiva weusi kama sufuria ya kuni,
anamwambia mjukuu wake, kwa Kiswahili cha Wete
alichokuja nacho mwaka sabini na nne:
"Usiku unanifukuta, mchana unanipwita.
Miaka ishirini na sita kwenye karai la sambusa, Mudhaibi,
nimesimama tu.
Sasa damu ikishuka haitaki kupanda,
kama mgeni aliyekuta pilau."

Lakini kwetu sheria ni moja:
kisichoandikwa hakikuonekana.
Jicho la mwandika misimbo si shahidi.
Nikatuma swali: Dokta, mguu upi? Kina chake je?

Jumatatu, kimya.
Jumanne, kimya, na foleni ya mafaili yapanda.
Jumatano Thuwaiba, mkubwa wangu, akainama begani:
"Weka *usiotajwa*, tufunge mwezi."

Usiotajwa!
Mguu unaonuka dawa hadi kwenye lifti,
mguu uliomlaza macho mjukuu na bibi,
uwe usiotajwa?
Kidole kikaelea juu ya kitufe.
Nikakirudisha mapajani.

Alhamisi, saa saba mchana, jibu. Maneno mawili:
Kushoto. Mafuta.
Nikaandika. Faili likafunga, likaenda
linakokwenda.

Natoka, namkuta mlangoni kwa wafunga bandeji,
mguu juu ya kiti cha plastiki.
"Ati wewe ndiye unayeandika maradhi?
Mimi umeniandika nini?"
"Nimekuandika kushoto, bibi."

Akacheka mpaka mtandio ukamvuka.
"Siku nne! Na mashine yote ile!
Si ungeniuliza mwenyewe?"