Akidi

Jumanne, saa moja usiku, Kirkcaldy.
Ghorofani, juu ya lililokuwa duka la mazulia.
Hita imekufa tangu Novemba; tumekaa na makoti.
Katiba inataka watano. Tuko wanne.

Mwenyekiti Innes, fundi bomba mstaafu,
anatazama saa, kisha mlango, kisha saa.
Una Geddes, mhazini, amezibana risiti
kwa vibanio vya rangi tatu. Vyekundu ndivyo vingi.
Mchungaji Pettigrew amesinzia, ama anaomba;
miaka sita sasa sijajua tofauti.
Katibu ni mimi. Naandika kwa Kiingereza
nikifikiri kwa lugha ya Barabara ya Kumi na Mbili, Tanga.

Chini, watoto wanatwanga.
Sakafu inapokea, miguu ya meza inapokea,
chai kikombeni mwangu inachora viduara.
Kuna mmoja hukosea palepale kila mara,
pigo la tatu,
na anarudia.

Nilipoombwa kuingia nilicheka.
Mdhamini? Kwetu mdhamini ni yule
anayesimama mbele ya hakimu
na hati ya nyumba ya mama yake mkononi:
mshtakiwa akitoroka, nyumba imekwenda.
Nikamuuliza Innes, hawa watoto wameshtakiwa nini?
Akadhani namtania. Akasema mshahara hakuna
lakini biskuti zipo.

Ajenda namba nne: kuuza piano.
Ile kubwa, ya marehemu Isbel, aliyeanzisha yote haya
kwa magitaa mawili na ufunguo wa kuazima.
Halmashauri imekata ruzuku. Bima imepanda.
Mnunuzi yuko Edinburgh, anataka jibu kesho kabla ya adhuhuri.
Una anasoma tarakimu kama anayesoma majira ya treni,
lakini mimi nilimwona Jumamosi, mlango umerudishwa,
akifuta vumbi vibonyezo vyeusi, kimoja kimoja,
kwa ncha ya skafu yake.

Kura haiwezekani. Wa tano ni Dougie,
dereva wa basi la Leven,
na basi la Leven lina nia zake.
Tunangoja. Akidi, ndivyo tunavyoiita kwetu,
na akidi ni kutosha.
Wanne si haba.
Hatutoshi.

Saa mbili kasorobo mlango ukafunguliwa.
Siye Dougie. Msichana wa miaka kumi na mitatu hivi,
jasho shingoni, vijiti vya ngoma mfuko wa nyuma.
"Samahani," akasema, "mnaburuta viti sana.
Tunashindwa kuhesabu."
Innes akavua kofia. Akaomba radhi kwa niaba ya bodi.
Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kukunja mguu,
hata Mchungaji, aliyekuwa ameamka,
akatabasamu, na kuomba biskuti kwa ishara.

Dougie aliingia na sare yake na baridi yake
saa mbili na dakika ishirini. Mikono ikanyanyuliwa.
Tatu kwa mbili: iuzwe.
Una alizipinga tarakimu zake mwenyewe.
Dougie naye alipinga, hakusema kwa nini.
Mkono wangu ulikuwa katika ile mitatu.

Waingereza karatasi hizi wamezipa jina la dakika.
Sisi tunaziita kumbukumbu.
Basi nikaandika dakika: *4. Piano. Imepitishwa.
Mhazini kuwasiliana na mnunuzi.*
Kumbukumbu sikuziandika. Kwamba Una aliomba
apewe siku tatu badala ya moja, akapewa,
na kwamba hakuna aliyemuuliza za nini.

Fundi wa hita amesema Machi,
wakati ambapo hatutaihitaji sana.
Nikakusanya vikombe. Nikanyanyua kiti changu
kwa mikono miwili, kama mtu abebaye mtoto aliyelala,
nikakiweka ukutani kimya.
Chini wakaanza upya. Moja, mbili,
akakosea.