Sekunde Mia Tatu

Kazi yenyewe ilikuwa mstari mmoja mkatabani:
programu ijue kama mtu yupo.
Nikaiandika. Inakaa pembeni ya skrini, karibu na saa,
haisikilizi ila vidole,
na kimya kikifika sekunde mia tatu
inaandika HAYUPO, inasimamisha hesabu ya mshahara.

Mengine kompyuta huyasema yenyewe, ukijua pa kutega sikio.
Waya ukichomoka ukutani hunong'ona: sasa nakula akiba.
Kifuniko kikishuka hutangaza: nalala,
mwenye lake na alimalize,
wala haimsubiri mwenye kusitasita.
Ikiamka haijui imelala dakika au juma zima;
huitafuta saa kwanza, kama sisi.
Yote hayo niliyadaka. Nilijisifu, siku zile,
kwamba hakuna usingizi Tartu nzima usiopita mikononi mwangu.

Februari ikaja barua kutoka jumba la mimea.
Heldur Tammik, mchunguzi wa ule ukoko wa kijivu unaoshika mawe.
"Bibi Leelo, programu yako inasema
Jumanne nilifanya kazi dakika kumi na tisa."
Basi. Hakulalamika zaidi.

Nikafungua kumbukumbu.
Saa mbili na dakika nne: YUPO.
Saa mbili na dakika tisa: HAYUPO.
Saa nne kasoro robo: YUPO, herufi kumi na moja.
Saa nne kasoro dakika kumi: HAYUPO.
Nikacheka. Herufi kumi na moja!
Mtu huyu, nikasema, anaishi kwenye birika la kahawa.

Nilimwendea kwa miguu, theluji ikinifika magotini.
Mlango ulikuwa wazi. Ameinama juu ya hadubini,
jicho moja ndani, la pili amelifumba kwa nguvu
kama mtoto anayehesabu wenzake wakajifiche.
Hakugeuka. Nikasimama, koti langu likidondosha maji.
Ubavuni pake skrini ikafifia.
Nilichoiagiza ifanye, nikaiona ikikifanya:
ikajifunga. HAYUPO.
Naye pale pale, pumzi zikimtoka puani,
yupo kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona mahali popote.

Dakika ishirini na mbili.
Kisha akaandika neno moja la Kilatini,
akalitazama, akafuta herufi ya mwisho.
"Aa," akasema, "kumbe nina mgeni. Chai?"

Nilijaribu sekunde mia sita. Nilijaribu elfu.
Usiku nilipekua kila ishara ambayo mfumo huitoa:
betri, waya, kifuniko, kufuli, kulala, kuamka.
Hakuna inayolia mtu anapofikiri.
Wahenga wamesema kimya kingi kina mshindo;
mashine yangu haina sikio la mshindo huo.

Piret, meneja, akaniambia mkataba ni mkataba.
Hesabu ya mshahara haikuwa yangu kuigusa.
Neno lilikuwa langu.
Nikafuta HAYUPO, nikaandika KIMYA.

Piret hakuona tofauti.
Heldur aliona. Saa tano usiku, umeme umekatika,
betri asilimia kumi na nne, alituma mstari mmoja:
"Sasa inasema kweli."

Chini yake kumbukumbu ikaandika: kifuniko. Nalala.
Mpaka leo sijui aliyesema ni yupi kati yao.