Swali la Tisa

Fomu ya zamu ya usiku ina maswali kumi na moja.
La tisa ni neno moja: Pombe?
Ndiyo. Hapana. Visanduku viwili,
kila kimoja hakitoshi ukucha wa mtoto.

Mwezi huu tumewapokea saba waliomeza cha kuwamaliza.
Watano walitanguliza kinywaji.
Kijana wa Muyeye alinijibu kabla sijamwuliza:
"Kidogo tu, sista. Ya kunipa moyo."
Moyo wa kuuachia moyo.
Daktari Mwambire anataka hesabu Ijumaa,
na hesabu haina harufu.

Mimi pua ninayo.

Thoya wa Ganda aliletwa saa nane kasoro robo,
pikipiki moja, katikati ya mashemeji wawili
waliombana kama gunia la makaa,
kiatu kimoja kimebaki njiani.
Tulimwahi. Jina la kitu kile silitaji,
lisije likapata wateja.
Tulihangaika naye hadi mwadhini wa Barani
akakohoa kwenye kipaza sauti.

Ndipo nikamwuliza mkewe, Haluwa, lile la tisa.
"Huyu? Hanywi. Huyu ni mgema, sista.
Miaka kumi na minane anapanda alfajiri,
anashusha, anauza, ananawa mikono.
Akilionja kujua kama limeiva, analitema."

Na chumba kizima kinanuka tembo,
la jana, kali, lililolala.

Nikaishika kalamu.
Hunywa? Hapana.
Alikunywa? Ndiyo.
Fomu haijui hu- wala -li-.

Haluwa alikuwa akikunja kanga, anaikunjua, anaikunja.
Minazi ishirini na miwili, akasema, ya kukodi.
Jumanne ikaangushwa yote kwa msumeno wa mashine,
mwenye shamba kauza viwanja.
Thoya akarudi na dumu la mwisho, hakulipeleka mangweni.
"Alikaa nalo uani hadi usiku.
Mimi nikadhani analilinda."

Alipozinduka hakuuliza yuko wapi.
Aliuliza dumu liko wapi.
"Lile ni la Jefwa. Nimeliazima.
Anataka kuchotea maji."
Haluwa akacheka, kicheko kikamgeukia njiani,
akajifunika uso kwa kanga ile ile.

Nikavuta kigoda. Wagonjwa wengine wakangoja kidogo.
Nikamwambia: utalirudisha kwa mkono wako.
Akatazama viganja, magamba ya minazi
yalivyovichonga miaka yote ile.
"Nikishalirudisha, halafu?"
Sikuwa na jibu. Nikabaki pale pale kigodani.
Mwishowe akaanza kunieleza
mnazi wa saba ulivyokuwa na nyuki.

Niliweka alama kwenye Ndiyo.
Pembeni nikaandika, kwa herufi ndogo:
tembo la kugema mwenyewe.

Ijumaa daktari alipitisha kidole juu ya maneno yale,
akanyamaza muda mrefu kuliko kawaida yake.
"Umazi," akasema,
"kompyuta haisomi pembeni."