Mara Kumi na Mbili

Daftari la Khelef lilifika Mtambwe
ndani ya mfuko wa rambo, pamoja na shati lililolika kola
na chaja isiyo na simu.
Zuwena kanitupia mlangoni: "Lako hilo, wifi.
Miye nimechoka kulala na hesabu zisizolika."

Mwaka wa kumi na tisa huu napima karafuu kituoni.
Namjua anayelowesha gunia usiku,
nakijua kidole kinachoegemea sahani ya mizani
huku mwenyewe akiniulizia hali za nyumbani.
Basi daftari nikalikalia kama ninavyolikalia gunia:
kwanza nikatia mkono mpaka chini.

Uharamu wake naujua, sikuhitaji kuusoma.
Nilitaka kujua kosa liko wapi.

Ukurasa wa nne. Dar, mashine ya pembeni,
ile ambayo ukishinda mkono huu
inakuwekea kizidishi cha mkono ujao:
mara mbili, mara nne, na usiku ule, kwa wino mwekundu,
MARA KUMI NA MBILI.
Chini yake karata alizopewa:
bibi wa kopa, bibi wa shupaza,
saba, tisa na mbili, zote kopa.

Akamtupa bibi wa shupaza.
"Kwa kumi na mbili," kaandika, "jozi ni ya waoga."
Akaomba kopa ya tano.
Ikaja pau.

Nikaazima karata kwa mtoto wa jirani,
pakiti chakavu, ree ya uru imechorwa kwenye kipande cha boksi.
Nikatandika jamvi chumbani. Karafuu kavu ndizo sarafu.
Zimebaki karata arubaini na saba, kopa ndani yake tisa.
Nikachanganya, nikavuta, nikaandika. Mara mia.
Kopa ilikuja mara kumi na saba.
Mara nne alirejea bibi mwengine, akanirudishia changu tu.
Zilizobaki, hewa.

Nikaanza upya, mabibi wote wawili mkononi.
Hakuna mkono hata mmoja uliorudi mtupu.
Marundo mawili ya karafuu:
mia na sita huku, huku mia na hamsini na kitu.
Kisha, kwa ukaidi, kila rundo nikalizidisha kumi na mbili.
Zito likabaki zito.
Zidisha sahani zote mbili kwa kipimo kimoja,
mkono wa mizani hausogei hata unywele.
Kumi na mbili haikumbadilishia karata, ndugu yangu.
Ilimbadilishia macho.

Lakini nisimwonee. Pako pahala pa kubadilika.
Ukurasa wa tisa, kizidishi ni moja, moja kavu.
Hapo ushindi mdogo si mdogo, una mkia:
unakutangulizia kitu kwenye mkono ujao.
Hapo ndipo pa kushika cha uhakika
hata kikubwa kikikukonyeza.
Na hapo ndipo Khelef alipovunja jozi ya maghulamu,
akifukuzia mfululizo.
Mwenye kingi alikihofia kingi chake kisimpite,
mwenye kidogo akakidharau. Yeye yule, usiku ule ule.

Nilitaka kumpigia. Nimwambie nini?
Kwamba nimekesha na haramu yake kwenye jamvi langu,
nikaona raha kidogo kila kopa ilipotokea?

Leo kaleta ujumbe kwa simu ya mtu:
Dada, hamsini tu. Hali imeanza kunigeukia.
Elfu hamsini nimezitia bahasha.
Juu yake nikaandika NAULI, nikaifuta.
Nikaandika tena, karatasi ikatoboka.

Magharibi Zuwena kasimama pale pale mlangoni,
hakuingia, hakuuliza daftari lasemaje.
Kaulizia chaja.