Blanketi la Julai

Saa saba usiku nilitundika mfuko wa damu
juu ya kitanda namba kumi na moja.
Nilisoma jina mara mbili, kundi mara mbili:
Aikande Lyatuu, wa Kibosho, O chanya.
Hapo sikukosea. Naomba hilo liandikwe kwanza.

Tulifundishwa: dakika kumi na tano za mwanzo
muuguzi haondoki.
Sikuondoka.
Nilivuta kigoda, goti langu likagusa godoro lake,
na mkono wa kulia ukaingia mfukoni
wenyewe, kama ng'ombe anayelijua zizi.

Humo mlikuwa na nini? Hamkuwa na kitu.
Kikoba kilikuwa kinagombania faini ya Mama Nsia,
jumbe mia moja na arobaini.
Shemeji alituma picha ya matofali ya Mwika,
yaleyale ya juzi, yamenyeshewa.
Halafu mtu nisiyemjua, mahali nisipopajua,
alikuwa akimenya nanasi kwa kisu kirefu,
polepole, ganda moja lisilokatika,
nami nikangoja nione litaishia wapi.

"Sista, baridi."

Ni Julai, mama, nikamjibu.
Mlima wenyewe haujatoka nje wiki ya pili.
Nikanyanyuka, ndiyo, nilinyanyuka,
nikamvutia blanketi la kijivu hadi kidevuni
kwa mkono wa kushoto.
Macho niliyaacha kwenye nanasi.

Chati ipo masjala, nenda kaisome.
Dakika ya tano: joto thelathini na sita nukta nane.
Dakika ya kumi: thelathini na sita nukta nane.
Ya kumi na tano: thelathini na sita nukta nane.
Niliijaza yote mapema, kwa kalamu moja, kwa pumzi moja.
Mwandiko utausifia.

Aliyeona ni Nakiete wa usafi.
Alikuja na ndoo yake, akasimama.
"Kitanda kinalia," akasema.
Nikasikia maneno, sikusikia kitanda.
Kisha nikakisikia:
chuma juu ya terazo, ti-ti-ti-ti,
kitanda kizima kinatetemeka
na yeye ndani yake, midomo imebadilika rangi,
bado amelishika blanketi langu kwa adabu
kama mgeni aliyekaribishwa.

Nilifunga koki. Nilipiga kelele.
Daktari akaja na viatu visivyofungwa kamba.
Sindano, maji, hewa, sindano ya pili.
Kipimajoto, sasa cha kweli, kikasema arobaini.
Simu ilikuwa imeanguka chini ya kitanda,
uso juu, inamulika chemchemi za godoro,
na nanasi likaanza tena
tangu mwanzo, likiwa zima.

Ningeweza kukwambia wodi ina vitanda thelathini
na usiku ule tulikuwa wawili, mmoja mwanafunzi.
Ni kweli. Niliwaambia hivyo asubuhi, wakatikisa vichwa.
Lakini kwa zile dakika kumi na tano
kitanda kilikuwa kimoja.

Aikande alipona.
Alirudi Septemba, anatembea mwenyewe,
kabeba kichane cha mshare na maparachichi
yaliyofungwa kwenye kanga, na binti yake nyuma.
Akapita meza ya daktari. Akampita Nakiete,
aliyekuwa amepiga magoti anasugua sakafu.
Akaja kwangu.

"Ndiye huyu," akamwambia binti.
"Usiku ule nilipoona baridi ya kufa,
huyu ndiye aliyenifunika."

Nilitafuta la kusema. Lilikuwepo.
Lilifika kooni, likakaa hapo,
na Nakiete alikuwa ameacha kusugua, ananitazama.

Nikapokea ndizi kwa mikono miwili.
Mfukoni simu ikaanza kutetemeka.
Nikamtazama Aikande usoni, tu,
usoni,
mpaka ikanyamaza.